Sura ya Sita: Miwani Inayomzuia Fundi Kuona

Fundi anayekata chuma kwa grainda anayahitaji macho yake kwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Anataka yabaki mazima kazi ikiisha, na anataka yaone mstari wa kukatia sasa hivi, disiki ikiwa inazunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na tumbo lake. Miwani ya kinga ilibuniwa kwa ajili ya haja ya kwanza. Ikishika ukungu inamnyima ya pili, naye anabaki na uchaguzi mgumu: avae asione, au avue aone. Wengi huvua. Msimamizi akipita wakati huo huandika kwamba fundi ni mkaidi, na chembe ya chuma ikimwingia jichoni, ripoti ya ajali hubeba sentensi moja tu, kwamba hakuwa amevaa miwani. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini imeanza kusimulia habari katikati. Katika sura hii nitatetea hoja kwamba ukungu ni kasoro ya kifaa na ya mpango wa kazi, na kwamba wa kwanza kuulizwa juu yake anapaswa kuwa yule aliyeichagua miwani, kabla ya yule anayeivaa.

Tuanze na waliovua wenyewe. Mwaka 2009 watafiti wa usalama kazini nchini Marekani, wakiongozwa na David Lombardi, walichapisha matokeo ya mazungumzo ya vikundi na wafanyakazi pamoja na wasimamizi wa viwanda, ujenzi na huduma, wakiwauliza ni nini huwafanya watu wavae au wasivae miwani ya kinga. Majibu yaliyokuwa na uzito yalikuwa miwani isiyokaa vizuri usoni, lenzi zinazoshika ukungu, na lenzi zilizokwaruzika. Hizi ni sifa za kitu kilicholetwa kutoka stoo. Na nchi hiyo haina uhaba wa sheria wala wa wakaguzi, wala miwani haikosekani madukani. Hata hivyo taasisi yake ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, imekuwa ikikadiria kwamba wafanyakazi wapatao 2,000 huumia macho kazini kila siku kiasi cha kuhitaji matibabu. Amri ya kuvaa ipo. Kinachopungua ni miwani inayovalika zamu nzima.

Kwa nini inashika ukungu? Hewa haibebi mvuke bila kikomo. Kadiri inavyopata joto ndivyo inavyoweza kubeba zaidi, na ikipoa ile ziada hutua mahali kama maji, jambo ambalo kila mtu ameliona kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Hewa yenye nyuzi joto 34, ambazo ni kama joto la ngozi ya uso na la pumzi inayotoka puani, inaweza kubeba takribani gramu 37 za mvuke katika mita moja ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 30 inabeba gramu 30. Kwenye nyuzi 15 haifikishi 13. Tuziweke hesabu hizo kwenye nyuso za watu. Mfanyakazi wa Kericho au Mufindi anayefika kazini alfajiri akiwa na barakoa na miwani yenye lenzi ya nyuzi 15, pumzi yake inapopenya juu ya barakoa na kugusa lenzi hiyo, karibu theluthi mbili za mvuke wake hazina pa kukaa isipokuwa kwenye kioo. Hakuna ustadi wala nidhamu inayoweza kubadilisha hesabu hiyo.

Kwa kuwa mfano huo ni wa nyanda za juu, mtu wa Mombasa au Dar es Salaam anaweza kudhani joto la Pwani litamwokoa. Halimwokoi. Miwani iliyoziba pande zote hufungia kijisehemu kidogo cha hewa kati ya lenzi na uso unaotoka jasho. Hewa hiyo hujaa mvuke kwa joto la ngozi. Lenzi, ikiwa na nyuzi 30 kama hewa ya nje, inatosha kabisa kuufanya uliozidi utue, na jasho halikomi kuleta mwingine. Kuna pia njia ya pili, na wanaoijua ni wale wanaoingia na kutoka. Wakati wa masika hewa ya Dar es Salaam huwa na unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 24 hivi hutota chenyewe. Miwani iliyokaa kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 20 itashika ukungu mara tu mwenye nayo atakapofungua mlango, hata akizuia pumzi. Katika viwanda vya kuchakata minofu ya sangara kandokando ya Ziwa Victoria hali ni kali zaidi, kwa sababu samaki waliogandishwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au pungufu ya hapo, na mpakiaji anayetoka humo kwenda kwenye lori hupofuka kwa muda pale pale penye mwendo wa magari na mizigo.

Jambo moja katika maelezo haya lina thamani kubwa kwa vitendo, nalo ni kwamba maji yenyewe hayazuii kuona. Tunaona chini ya kisima kisafi bila shida. Kinachoziba ni umbo ambalo maji yanachukua yanapotua kwenye plastiki ya lenzi: hujikusanya kuwa matone madogo mno, maelfu kwa maelfu, na kila tone hupindisha mwanga kwa upande wake. Maji yale yale yakitandazwa yawe utando mmoja mwembamba, mwanga hupita karibu bila kusumbuka. Kwa hiyo kuna njia mbili tu za kupambana na ukungu. Ya kwanza ni kuzuia maji yasitue, kwa kupitisha hewa, kuelekeza pumzi kwingine au kuifanya lenzi isiwe baridi kuliko hewa inayoigusa. Ya pili ni kukubali kwamba yatatua, kisha kuyalazimisha yatandae. Rangi na dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la kuzuia ukungu ziko katika njia ya pili, na sabuni nayo imo humo.

Kwa wanaoshikilia kwamba mfanyakazi mwenye mafunzo na nidhamu ataweza kuvumilia, ipo kazi moja iliyorekodiwa kwa undani ambayo inajibu vizuri. Tarehe 5 Juni 1966 mwanaanga Eugene Cernan alitoka nje ya chombo cha Gemini 9A kufanya kazi angani kwa muda wa zaidi ya saa mbili. Alikuwa amechaguliwa miongoni mwa mamia na kufunzwa kwa miaka. Hakuweza kuvua kofia yake hata kama angetaka, maana nje hapakuwa na hewa. Utii wake ulikuwa kamili. Lakini kazi ya kujishika na kujisogeza bila mahali pa kukanyagia ilimchosha kupita kiasi, mwili ukatoa joto na jasho ambalo mfumo wa kupoza vazi lake kwa hewa haukuweza kulimudu, na kioo cha kofia kikajaa ukungu hadi akawa haoni. Jaribio la kifaa cha kujiendeshea angani lililokuwa kiini cha kazi ile ya nje likaachwa, na akarudi ndani kwa shida kubwa.

Ninachokithamini katika tukio hilo ni kilichofuata. NASA hawakuandika kwamba Cernan alivaa vibaya. Vioo vya kofia za safari zilizofuata vilipakwa mchanganyiko wa kuzuia ukungu ambao kiungo chake kikuu kilikuwa cha jamii ya sabuni ya kufulia. Na waliona kwamba kioo kilikuwa kimebeba tu matokeo ya kazi iliyopangwa vibaya, hivyo wakaibadilisha kazi. Novemba mwaka uleule, katika Gemini 12, Edwin Aldrin alikuwa amefanya mazoezi ndani ya bwawa la maji, chombo kimewekewa vishikio na mahali pa kufungia miguu, na ratiba ina vipindi vya kupumzika. Alimaliza kazi zake za nje bila balaa lile. Baadaye mavazi ya Apollo yakaletewa mishipa ya maji ya kupoza mwili. Karakana ya kuchomelea geti huko Gerezani au Kamukunji haina bajeti ya safari za anga, lakini mpangilio wa maswali ni uleule na hauna gharama: je, kioo kimetayarishwa, je, hewa inapita, je, kazi yenyewe inamchosha na kumtoa jasho mtu kuliko inavyostahili?

Swali la kwanza ndilo rahisi kuliko yote. Mwaka 2011 madaktari wa upasuaji nchini Uingereza walieleza katika jarida la chuo chao njia ya kuzuia miwani isiingie ukungu juu ya barakoa: ioshe kwa maji yenye sabuni, ikung'ute, iache ikauke yenyewe hewani au ifute kwa wepesi na kitambaa laini. Sabuni inayobaki, nyembamba kiasi cha kutoonekana, ndiyo inayoyatandaza maji. Tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo linatosha lenzi zote mbili. Wavuvi wanaopiga mbizi kwenye pwani yetu hupata jambo hilohilo kwa mate ndani ya kioo cha kuzamia, na kwao inafaa, ingawa hospitalini au kwenye dawa za shamba mate hayana nafasi. Dawa ya meno iachwe, kwa kuwa ina chembe za kusugulia ambazo hukwaruza plastiki. Petroli, thina na asetoni ziwe mbali kabisa: lenzi nyingi za kinga hutengenezwa kwa polikaboneti, na viyeyusho hivyo huitia nyufa na kuiondolea nguvu ya kuhimili kipigo, hata pale ambapo kwa macho lenzi bado inaonekana safi.

Sabuni ina mipaka, na anayeiuza kama suluhisho la kila kitu anawakosea wafanyakazi. Haidumu. Jasho huiosha, mtu akigusa lenzi imekwisha, na ikipakwa nene inachuruzika na kuwasha macho. Inabidi irudiwe mwanzoni mwa zamu na pengine baada ya chakula, maana yake pawepo maji, sabuni na kitambaa safi karibu na mahali pa kazi, na dakika mbili ambazo hazihesabiwi kuwa uvivu. Pasipo na bomba wala kitambaa, fundi atafuta lenzi kwa pindo la ovaroli lililojaa vumbi la chuma. Kila mfuto wa namna hiyo huchora mikwaruzo na kukwangua utando uliowekwa kiwandani, na baada ya wiki chache ile miwani bora iliyonunuliwa kwa bei inakuwa sawa na ya barabarani. Vumbi liondolewe kwa maji kwanza, ndipo kitambaa kifuate.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, hufanyika kabla miwani haijafika karakana: kununua aina moja kwa watu wote. Anayenunua huona usalama kama kiwango kimoja kinachopanda, kwamba miwani iliyoziba zaidi ni salama zaidi, basi anaagiza katoni za ile iliyoziba kabisa na kuwagawia wote, kuanzia mchanganyaji wa kemikali hadi seremala na anayefagia. Lakini kuziba ni jibu la hatari maalumu, yaani maji ya kemikali yanayorukia, vumbi laini na gesi. Kwa chembe zinazoruka kutoka kwenye disiki, miwani ya kawaida ya kinga yenye vizuizi vya pembeni, ikiwa na ngao ya uso juu yake, hulinda vizuri huku hewa ikipita chini na juu. Ngao peke yake haitoshi kwenye grainda, kwa sababu chembe hupenya kutoka chini ya kidevu. Ndiyo maana miwani hubaki ndani yake. Kati ya hizo mbili iko miwani iliyoziba yenye matundu yaliyofichwa, ambayo hewa huingia kwa kupinda na tone la kemikali likagonga ukuta. Kumpa seremala wa Keko miwani isiyopitisha hewa hata kidogo ni kumpa jasho la bure na sababu ya kuivua. Anayevaa miwani ya macho anaonewa mara mbili, maana ana lenzi mbili za kushika ukungu, na huyo anastahili miwani ya kinga yenye namba yake mwenyewe au ile kubwa inayokaa juu ya miwani yake bila kubana.

Hapa ndipo pingamizi zito linapokuja, nalo sipendi kulipita haraka. Inasemwa kwamba mazungumzo haya yote ya ukungu yanawapa watu kisingizio, na kwamba jicho lililofunikwa na kioo chenye ukungu bado ni salama kuliko jicho wazi. Kwa kemikali na kwa maradhi, hilo ni kweli. Mnyunyiziaji dawa ndani ya nyumba ya maua huko Naivasha asivue miwani katikati ya mistari kwa sababu haoni vizuri. Asimamishe pampu, atoke nje, anawe mikono, ndipo aishughulikie. Kutoboa matundu kwenye miwani iliyoziba ili ipumue, jambo ambalo mikono ya mafundi hulifanya kwa nia njema, ni kuiua kabisa: tundu lililo wazi halitofautishi hewa na sumu. Lakini tuangalie pingamizi hili linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba pale ambapo miwani haiwezi kuvuliwa, ukungu ni hatari kubwa zaidi, hivyo kuuzuia kunapaswa kupewa uzito zaidi. Halithibitishi kwamba mtu aendelee kufanya kazi akipapasa.

Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020 baada ya kuua zaidi ya watu 2,200, uliwaweka wahudumu wa Beni na Butembo katika hali hiyo hasa. Ndani ya eneo la wagonjwa hakuna ruhusa ya kugusa uso, na mwenye miwani iliyojaa ukungu anaweza kujichoma sindano aliyomtoa nayo mgonjwa damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Oktoba 2014, uliotolewa wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi, ulikwishalifikiria jambo hilo: uliruhusu kuchagua kati ya miwani iliyoziba na ngao ya uso, na katika sifa za vifaa hivyo ukazingatia uwezo wa kutoshika ukungu. Taratibu za vituo ziliongezea mengine mawili, kuingia wawili wawili na kuwekewa muda wa kukaa ndani. Asiyeona tena hutoka akiongozwa na mwenzake. Ratiba ya zamu ikawa sehemu ya miwani.

Kwenye kazi za kawaida yapo mambo madogo ya kuvaa ambayo huleta nafuu kubwa kuliko watu wanavyotarajia. Barakoa ikandamizwe vizuri kwenye mfupa wa pua kwa ule waya wake, na ukingo wa chini wa miwani ukae juu ya barakoa, ili pumzi isipate mlango wa kupanda. Penye vumbi zito, barakoa yenye vali hutoa pumzi mbele na chini. Miwani isipandishwe kwenye paji la uso wakati wa mapumziko, kwa kuwa hapo ndipo jasho lilipo, na ikirudishwa machoni inakuja na mvuke wake. Ishushwe shingoni kwa kamba. Kitambaa cha kuzuia jasho kichwani husaidia. Anayetoka kwenye ghala la baridi asubiri kidogo mlangoni lenzi ipate joto kabla hajaingia penye magari.

Linabaki pingamizi la fedha. Miwani iliyopakwa dawa ya kuzuia ukungu ni ghali kuliko isiyopakwa, na mwajiri mdogo atasema hana uwezo. Kwa mtu huyo sabuni na maji ndiyo mwanzo, na havimzidi. Kwa kampuni inayotangaza zabuni hoja hiyo haisimami, kwa sababu miwani inayoning'inia msumarini imegharimu fedha na haikulinda jicho hata moja, kwa hiyo ndiyo ghali kuliko zote. Mnunuzi naye halazimiki kubahatisha. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 166, herufi N kwenye lenzi ina maana kwamba ilipimwa juu ya maji ya moto ya nyuzi 50 na ikakaa angalau sekunde 8 bila ukungu. Herufi K ina maana uso wake unahimili kukwaruzwa na chembe ndogo. Toleo la 2020 la kiwango cha Marekani, Z87.1, liliongeza herufi X kwa ajili ya ukungu. Herufi hizi ni za hiari: miwani inaweza kukidhi kiwango cha kuhimili kipigo bila kupimwa ukungu hata mara moja, na nyingi za bei ya chini ziko hivyo. Asiyeiandika N au X kwenye zabuni yake hajaomba kitu hicho, na hatakipata.

Sekunde 8 za maabara, hata hivyo, haziwezi kusema lolote juu ya saa nane za masika. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zimeweka mzigo wa kutoa vifaa vya kinga mabegani mwa mwajiri, na haina maana kutoa kifaa kisha kuacha ubora wake uthibitishwe na jicho la mwajiriwa. Maafisa ununuzi, ombeni sampuli za aina tatu au nne kabla ya kutia saini. Wapeni wale wanaokata, wanaonyunyizia na wanaobeba, wazivae zamu nzima pamoja na barakoa zao, mahali penyewe, katika mwezi wenye unyevu mwingi. Mpite saa nane mchana bila taarifa na kuhesabu zilizo usoni. Iliyovuliwa msiinunue, hata kama bei yake ndiyo ndogo kuliko zote.